Makombo ya Kikomboleo

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Ofisini wananiita Pilipili, na anayeniita hivyo kabla sijanywa chai hujuta. Basi msishangae nikiwaambia kwamba wiki tatu nzima sikuwa nimesemezana na dada yangu mkubwa, na kwamba Jumatano ile asubuhi, kengele ya Mwalimu, mwenzangu ofisini, ilipolia, mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu alikuwa yeye huyohuyo, nikashindwa.

Dada ni matroni wa hospitali ya watoto. Mimi ni sajini wa polisi, kitengo cha kuwasaka wezi wa kompyuta. Wiki tatu kabla, wezi hao waliingia kwenye kompyuta za hospitali yake wakafunga kila kitu: majina ya wagonjwa, vipimo, nani kapewa dawa gani na saa ngapi. Wakaacha ujumbe kwenye vioo vya kompyuta zote: lipeni kikomboleo kwa sarafu za mtandaoni, ndani ya saa arobaini na nane, la sivyo msahau. Chini ya ujumbe palikuwa na saa inayorudi nyuma.

Nilimwambia asilipe. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu mbele ya watu. Akalipa. Alichukua fedha zilizochangwa miaka miwili kwa ajili ya mtambo wa oksijeni, bodi ikatia sahihi huku inatetemeka, akawapa wezi. "Wewe unakamata wezi," aliniambia. "Mimi nina watoto kumi na wanne wodini na sijui nani kameza nini." Mafaili yalifunguliwa, hilo lazima nilikiri, na hatukupoteza mtoto hata mmoja. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshatangulia. Nilimwambia, "Mama angekuwa hai, angekuonea haya."

Neno likitoka halirudi. Dada alikata simu, na tangu siku hiyo kimya.

Sasa fedha hazikuwapo, na watu wa bodi, waliotia sahihi kwa mikono yao wenyewe, walikuwa wamegundua kwamba kosa ni la matroni peke yake. Ijumaa wangekutana kumfukuza kazi. Mtambo nao, muuzaji alisema angewashikia hadi mwisho wa mwezi, si zaidi.

Siku ya kwanza kabisa nilimweleza Afande, mkuu wetu, kwamba matroni ni dada yangu wa tumbo moja, aniondoe kwenye kazi ile. Afande ni mtu mnene, mpole, anayefikiri huku akijikuna kidevu. Alijikuna sana siku hiyo. "Tuko watatu tu hapa," akasema. "Utatazama, utafikiri, utachemsha chai. Ila jina lako nisilione kwenye karatasi hata moja. Sahihi zote za Mwalimu."

Mwalimu ndiye wa tatu wetu. Alifundisha hesabu miaka kumi na minane kabla ya kuvaa sare, na mpaka leo anatusahihishia ripoti kwa kalamu nyekundu, hata za Afande.

Watu hudhani sarafu hizi hazionekani. Uongo mtupu. Zinaonekana kuliko noti zilizo mfukoni mwako, kwa sababu kila malipo yanaandikwa kwenye daftari moja lililo wazi kwa dunia nzima. Kinachokosekana ni majina tu. Badala ya jina pana msururu mrefu wa herufi na tarakimu, wenyewe wanauita anwani. Na kila malipo hukaa kivyake ndani ya pochi ya mtandaoni kama noti: kubwa haichanganyiki na ndogo mpaka mwenyewe azitumie.

Noti kubwa ya dada wezi waliichana siku ileile vipande zaidi ya mia nne, wakavikoroga pamoja na fedha za watu wengine. Mwalimu alivifuata kwa mishale aliyochora kwenye karatasi za ukutani, kuanzia dirishani mpaka mlangoni, mpaka nyuma ya kabati, hadi akavua miwani. "Hapa nimegota," alisema. Mimi nilipiga teke pipa la taka, na pipa ni la chuma.

Ikabaki noti ndogo.

Marehemu mama yetu alikuwa fundi cherehani. Hakuwahi kukata kitambaa cha mteja bila kulowesha kipande kidogo na kukianika, aone kama kinasinyaa au kinachuja rangi. Wateja wenye haraka walimnunia, yeye aliwajibu maneno mawili tu: "Kidogo kwanza." Zama za kutumiana fedha kwa simu zilipokuja, akawa vilevile: anatuma kidogo, anapiga kuuliza kama kimefika, ndipo anatuma zote. Dada amerithi ugonjwa huo mzimamzima. Siku ya kulipa kikomboleo, mwenyekiti wa bodi anavuja jasho nyuma yake na ile saa inarudi nyuma, yeye akagoma kutuma zote. Alituma kwanza bei ya jozi moja ya viatu, akasubiri wezi wakiri kwamba wameipata. Niliposikia nilicheka kicheko kibaya. "Hata kuibiwa unaibiwa kwa utaratibu," nilimwambia.

Hiyo bei ya viatu wezi hawakuihangaikia. Ilibaki palepale ilipoingia, na Mwalimu akaitegea mtego: siku itakapoguswa, simu yake ilie kengele ya shule. Siku kumi na tisa haikulia. Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, ikalia.

Chai ilimwagika, sijui ya nani. Nilikuwa nimeshafika begani kwa Mwalimu.

"Inakwenda wapi? Inakwenda wapi?"

"Tulia, Pilipili, unaniziba." Alisogeza uso karibu na kioo. "Imekwenda... Haiwezekani." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Imekwenda moja kwa moja kwenye duka la kubadilishia sarafu."

Duka lenyewe liko mtandaoni, na halimfungulii mtu akaunti bila kitambulisho na picha ya uso wake. Afande alisimama mlangoni akijikuna kidevu. "Mwizi gani mwenye akili anapeleka fedha za wizi mahali walipompiga picha?"

Nikadakia: "Si mwizi mkubwa, Afande. Ni mtunzaji wao. Wakubwa wamempa pochi awashikie. Kaona makombo yamelala wiki tatu, hakuna anayeyaulizia, akasema haya halali yangu."

"Mwizi kamwibia mwizi!" Mwalimu aliruka na kuandika ukutani kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: NDUGU MAKOMBO.

Lakini duka lisingetupa jina bila amri ya mahakama. Mwalimu aliandika ombi, akalitia sahihi, Afande akashuka nalo ngazi mbio, na mtu mnene akikimbia ujue kuna jambo. Nilimfuata na faili. Tulimkuta hakimu, mama mmoja mkavu, ameshafunga mkoba wake.

"Nielezeni kama vile mnamweleza mama mkwe wangu," alisema, "na yeye simu anaiogopa."

Afande akaanza habari za daftari na anwani, hakimu akaanza kutazama saa yake. Uvumilivu ukaniishia. "Mheshimiwa, mwizi alipata noti mbili. Kubwa kaificha. Ndogo kaipeleka dukani leo asubuhi, na mwenye duka anamjua kwa jina na sura. Tunaomba ruhusa ya kumwuliza mwenye duka, basi."

"Sasa si mngesema hivyo tangu mwanzo?" Kalamu yake ikakimbia.

Jibu la duka liliingia saa saba kasoro robo. Palikuwa na jina, namba ya simu, picha ya mwanamume mwembamba mwenye macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, na mahali anapoishi. Mahali penyewe nilipasoma mara mbili. Ni mjini kwetu, nyuma ya kituo cha mafuta ninapojazia pikipiki yangu kila Jumatatu! Na chini kabisa duka liliongeza sentensi iliyotunyanyua vitini wote watatu: mteja huyu ameomba nafasi ya kuuza kiasi kikubwa leo saa kumi jioni. Kiasi walikitaja. Kilikuwa kikomboleo cha dada, pungufu kidogo sana.

"Bado anazo," alisema Mwalimu. "Vipande vyote mia nne vimezunguka dunia, vimerudi kwake aviuze kwa niaba ya wakubwa."

Afande hakujikuna kidevu. Alivuta kiti, akatueleza polepole, na tulijua yuko sahihi. Tukiwaambia duka waifunge akaunti, Makombo atashtuka, na wakubwa wake wana ufunguo wa pili wa pochi ile. Watazihamisha huko waliko. Tukimvamia pochi ikiwa imefungwa, tutapata laptopu tupu na mtu bubu, kwa sababu bila nywila yake hiyo pochi ni jiwe. Lazima tumkute ameifungua. Na ataifungua, maana saa kumi ana soko.

"Mlango ukivunjwa, ataifunga laptopu kabla hatujavuka kizingiti," akasema. "Afungue mwenyewe." Akanigeukia. "Pilipili, leo hasira zako zina kazi."

"Na jina langu lisionekane?"

"Kugonga mlango si kutia sahihi."

Saa tisa na nusu nilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililotoka kupakwa rangi, nimevaa khanga juu ya sare, nimebeba ndoo ya maji machafu niliyoazima kwa mlinzi. Hati ya upekuzi ilikuwa mfukoni mwa Afande. Hakimu aliitia sahihi haraka kuliko ile ya kwanza. Afande, Mwalimu na askari wawili walijibanza kwenye ngazi. Nilifikiria Ijumaa, nikamfikiria dada akikusanya vitu vyake kwenye boksi, nikagonga kwa ngumi.

"Nani?"

"Mimi wa chini! Maji yako yananimwagikia kitandani!"

"Mama, mimi sijafungua maji."

"Usiniite mama! Godoro limelowa, nguo zimelowa, dari linataka kunidondokea, wewe umekaa humo unastarehe!"

Mlango ukafunguka kiganja kimoja. Lile jicho la kwenye picha likanichungulia. "Dada, wallahi bafu langu kavu."

Basi hapo sikuigiza tena. Wiki tatu nzima za hasira zilitafuta pa kutokea zikapaona. Nilimwambia yeye ni mtu asiyejali wenzake. Nilimwambia anaharibu vya watu halafu anakaa kimya akidhani yataisha yenyewe. Nilimwambia kuna watu wanahangaika kutafuta pumzi kwa ajili ya uchafu wake. Milango ya majirani ilifunguka. Askari mmoja aliniambia baadaye kwamba kidogo aombe msamaha yeye.

"Haya njoo uone mwenyewe!" Makombo alipiga kelele, akaufungua mlango wote. "Njoo uone! Kavu!"

Nikaingia kwa mwaliko wa mwenye nyumba. Mezani laptopu ilikuwa wazi, pochi imefunguliwa, tarakimu zimejipanga. Nikaiweka ndoo chini katikati yake na meza, nikageuza shingo. "Karibuni, ndugu zangu. Ametukaribisha."

Aliruka kuelekea mezani na mguu wake wa kushoto ukaingia kwenye ndoo. Alikwenda chini na maji yake. Kabla hajajua ni nini, askari wawili walikuwa juu yake na Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, kidole kikichezacheza ili laptopu isilale.

"Zipo!" Mwalimu alisema. "Jamani, zipo!"

Serikali ilikuwa na pochi yake iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Mwalimu alichomeka kidude chenye anwani yake, akainakili, akaibandika mahali pa kuandika mpokeaji. Simu ya Makombo ikaanza kulia mezani. Ikakatika, ikalia tena.

"Wakubwa wake hao," alisema Afande. "Tuma, Mwalimu. Tuma zote sasa hivi!"

Kidole cha Mwalimu kilikuwa hewani. Na mimi, Mungu anajua, nilitaka kuliko wote kidole kile kishuke. Lakini nilimwona mama amekaa na kipande cha kitambaa kilicholowa, mteja anamnunia, naye wala hajali.

"Kidogo kwanza," nikasema.

"Pilipili!" Afande aliguta.

"Kidogo kwanza, Mwalimu! Bei ya viatu!"

Mwalimu alinitazama, akatuma bei ya viatu. Afande akatoa simu yake akaitazama pochi ya serikali. Dakika ikapita. Ya pili. Simu ya Makombo ikalia mara ya tatu.

"Hakuna kitu," alisema Afande. "Haijaingia."

Mwalimu alitoa mfukoni karatasi yenye anwani ileile, aliyoichapa kwa herufi kubwa kama mtihani wa darasa la kwanza, akaiweka kando ya kioo. Herufi nne za mwanzo zilikuwa sawa. Ya tano haikuwa sawa, wala ya sita, wala zilizofuata. Alifuta, akabandika upya. Laptopu ikabadilisha tena mbele ya macho yetu. Wakubwa walikuwa wamepandikiza kirusi humo ndani: anwani yoyote inayobandikwa, kirusi kinaweka yao.

"Wameniwekea mdudu?" aliuliza Makombo pale sakafuni, maji yanamchuruzika. "Mimi? Hawaniamini?" Nakwambia alikuwa na uchungu wa kweli.

Bei ya viatu ilikuwa imewafikia wakubwa, kwa hiyo walikuwa wanajua, na ufunguo wa pili wanao. "Andika kwa mkono!" nikapiga kelele. "Nitasoma!" Nilisoma herufi moja moja kutoka kwenye karatasi, Mwalimu akabonyeza, Afande akahakiki kwa kidole kwenye kioo. Herufi arobaini na mbili. Sijawahi kusoma kitu kwa unyenyekevu namna ile. Tulipomaliza, Afande alivuta pumzi kusema tuma zote, akanitazama, akayameza maneno.

"Kidogo kwanza," akasema mwenyewe.

Tukatuma kidogo. Sekunde ishirini, sekunde thelathini. Simu ya Afande ikatoa mlio mwembamba.

"Imeingia!"

"Zote!" tulipiga kelele wote, hata askari mmoja aliyekuwa hajui tunafanya nini. Kidole cha Mwalimu kikashuka. Tarakimu kwenye kioo zikawa sifuri, na sekunde chache baadaye simu ya Afande ikalia tena, na Afande, mkuu wa kitengo, baba wa watoto watano, akaruka mpaka sakafu ikatikisika na jirani halisi wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Mwalimu aliniambia upungufu ni sehemu moja katika mia tatu ya kikomboleo, ukihesabu na jozi mbili za viatu, ya Makombo na ya wakubwa. Aliniambia mtambo wa oksijeni unanunulika. Halafu akavua miwani akalia, nami nikamwacha alie, maana nilikuwa nimeshika ukuta. Simu ya Makombo bado ilikuwa inalia. Afande aliifunga kwenye mfuko wa ushahidi ikiwa inalia hivyohivyo. "Mahakama itachukua siku zake kuzirudisha," alisema, "lakini barua ya bodi naandika leo, na Ijumaa naipeleka kwa miguu yangu. Nitawasomea wenyewe nani ametupa njia."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi na khanga yangu iliyolowa. Nilitoa simu. Nilianza kumwandikia dada ujumbe mrefu: kuhusu fedha, kuhusu mama, kuhusu lile neno nililosema na kwamba ni mimi ambaye mama angenionea haya. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikafuta. Wiki tatu ni nyingi. Sikujua kama upande wa pili bado kuna mtu wa kunipokea. Mwishowe niliandika neno moja, nikatuma.

Shikamoo.

Nikasubiri. Chini Makombo alikuwa anapakiwa kwenye gari, soksi moja inavuja maji. Simu ikatetemeka mkononi.

Marahaba, aliandika dada. Imefika. Haya, sasa leta zilizobaki.

Nikampigia, na kabla hajasema haloo nilikuwa nimeshaanza kulia.